Herufi Nono za Phanice

Mara ya kwanza Phanice Akoth alipopeleka siagi yake ya njugu Migori, Mama Bhoke aliipanga mikebe yote kwenye kaunta, akarudi nyuma kidogo, akaikodolea macho kama mzazi anayemtafuta mwanawe katika picha ya shule nzima.

"Hizi ni za watu wangapi?" akauliza.

"Zote ni zangu."

"Hapana, dada. Mimi naona watu watano hapa."

Alisema kweli. Mkebe mmoja uliandikwa kwa kalamu ya wino mzito, mkono wa Phanice mwenyewe, siku ambayo lebo zilimwishia. Wa pili ulikuwa na herufi nyembamba zilizosimama wima, zilizochapwa Oyugis. Wa tatu ulitoka kwa mwenye fotokopi wa Rangwe, ambaye aliamini kila neno lina haki ya kupewa rangi yake. Mwingine jina lilipinda juu kama upinde wa mvua, na mwingine lilikuwa dogo hata ungedhani linaona haya. Ndani ya mikebe siagi ilikuwa ile ile, iliyokaangwa kwa moto wa taratibu, ikasagwa mpaka ikalainika, chumvi kidogo basi. Lakini mteja hali kwa macho yaliyofungwa.

Mama Bhoke alikuwa Mkuria wa makamo mwenye duka kubwa la vyakula mjini, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alionja kwa ncha ya kijiko. Akaonja tena. Mara ya tatu hakuonja, alikula.

"Kwa utamu sina neno," akasema. "Lakini customer akinunua hii leo, kesho akirudi ataitambua aje? Enda utengeneze zikae za mtu mmoja. Mwandiko moja, kila mahali. Jumamosi nitakuja kwako nione mahali unasagia. Nikiridhika, hii rafu ya katikati ni yako. Nisiporidhika, kuna mtu wa asali ananisumbua kila siku."

Rafu ya katikati! Ile iliyo sawa na macho, ambayo mtu haiinamii wala hajinyooshi kuifikia. Phanice alirudi nyumbani Rangwe amejaa furaha mpaka akasahau kununua chumvi.

Usidhani ni tamaa ya biashara tu. Biashara alikuwa nayo. Alikuwa mjane wa Oliver, fundi wa magari aliyependwa na kila mtu aliyewahi kuharibikiwa na gari kati ya Rangwe na Homa Bay, na kabla ya kufa Oliver alikuwa amemuundia mashine ya kusagia kwa mota aliyoiokota kwenye kinu kilichokufa. Njugu alinunua soko la Kosele. Wateja hawakukosekana. Tatizo ni namna walivyonunua. Walikuja wameinamisha shingo upande, na sauti ya hospitali. "Nipe mbili, pole sana, na watoto wanaendelea aje?" Hakuna aliyesema kama siagi ni tamu au ni chungu. Walikuwa wanamsaidia. Hata aliyekosa sukari ya uji alinunua siagi ya Phanice kwa moyo wa huruma, na Phanice alikuwa ameichoka huruma hiyo mpaka kooni. Alitaka mtu mmoja, mahali popote duniani, anunue mkebe wake kwa sababu ni mtamu, aende zake. Migori hakuna aliyemjua.

Basi akapanda gari mpaka Homa Bay kwa Tony, kijana wa kompyuta mwenye duka la kuchapa karibu na soko. Tony alimweleza habari ya fonti kwa uvumilivu.

"Fonti ni nguo tu, mathe. Herufi ni ile ile, unaibadilishia nguo. Chagua moja, uvae hiyo kila siku, watu wakuzoee."

Akamteremshia orodha kwenye kioo. Jina lake likapita limevaa hivi na vile: limekonda, limenyooka, limechongoka. Phanice akawa anatikisa kichwa. Mara likapita lililolala upande kidogo, herufi zimeshikana mikono, P yake ina mkia mrefu unaozunguka na kurudi.

"Simamisha hapo!" Phanice akasema. "Hiyo. Hiyo ndiyo nzuri."

"Hiyo inatoka sana," Tony akasema. "Wiki haiishi bila hiyo."

Hakumwambia inatoka kwa kazi gani, naye hakuuliza. Tony hakuwa na ubaya. Ukishinda wiki nzima unachapa kitu kimoja, unaacha kukiona.

Phanice akaivalia njuga kazi ya kufananisha kila kitu. Mama Bhoke alisema kila mahali, basi ikawa kila mahali. Lebo za mikebe, herufi za zambarau juu ya karatasi nyeupe. Aproni. Fulana mbili nyeupe, yake na ya mama mkwe wake, Mama Susana, ambaye alimsaidia kuchambua njugu. Na ili Mama Bhoke asipotee, akaagiza bango kubwa la kusimamisha pale njia ya nyumbani inapoachana na barabara. Tony alishauri jina liwe kubwa, maneno mengine yawe madogo. Kwa hiyo bango lilisema *Phanice Akoth* kwa herufi za kujikunja unazoweza kuzisoma ukiwa kwenye gari linalokimbia, na chini yake mshale mkubwa. Maneno "siagi ya njugu" yalikuwepo pia, kwa mtu atakayeshuka, avae miwani, ainame.

Mama Susana aliliangalia bango likisimamishwa. Akafungua mdomo, akaufunga, akarudi kwa njugu zake.

Sasa, mgeni wa sehemu hizi aambiwe jambo moja. Jumamosi ni siku ya mazishi. Familia ikifiwa huweka bango kando ya barabara, jina la marehemu na mshale, ili wanaotoka mbali wajue pa kukata kona. Ndugu huvaa fulana zinazofanana zenye jina hilo hilo. Na mwandiko, kwenye bango, kwenye fulana, kwenye programu ya ibada, huwa ule mmoja tu, uliolala upande na kushikana mikono.

Jumamosi asubuhi Phanice alikuwa jikoni na aproni yake mpya aliposikia nduru. Si kelele ya kawaida, ni ile nduru ya kuingia kwenye boma la msiba, inayoanzia barabarani na kupanda. Nani amekufa? Akatoka mbio na sinia la njugu za moto mkononi.

Langoni alikuwa Benta, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya pili ya Rangwe, na nyuma yake wanawake wa kikundi na leso zao, mmoja na sukari, mmoja na sufuria kubwa kichwani.

"Phanice wangu!" Benta alikuwa analia. "Phanice, umetuachia nani? Nani atatuimbia soprano?"

"Benta, kuna nini?"

"Phanice ametuacha," Benta akamjibu, machozi yanamtiririka, kisha akamtazama aliyekuwa anamjibu. Akamgusa mkono. Mkono ulikuwa na joto.

"Sasa nani amekufa?" Benta akauliza.

"Hakuna mtu amekufa."

"Na hiyo bango?"

"Bango ni ya njugu!"

Wanawake wakatazamana. Aliyebeba sufuria akaitua, maana ilikuwa nzito na haikuwa na kazi tena. Phanice alikuwa bado anaeleza habari za fonti na rafu ya katikati wakati basi dogo la kukodi lilipoufuata mshale likaingia mpaka uani. Wakashuka watu wa kutoka Kisii, suti nyeusi na viatu vya kung'aa, wakitafuta mazishi ya shemeji yao. Walimwona Phanice na Mama Susana na fulana zao, wakajua hao ndio wafiwa. Wakawapa mikono mmoja mmoja. Kiongozi wao, mzee aliyeitwa Mayaka, akaomba programu, akauliza choo kiko wapi, halafu kwa sauti ya chini akauliza kama watu watakula kabla ya maombi au baada.

Ikabidi wapewe njugu. Walikula zote, wakasifu, wakaelekezwa njia. Mpaka saa sita boma la Phanice lilikuwa limepokea waombolezaji wengi kuliko boma lenye msiba.

Lakini Mama Bhoke hakutokea. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Akina Benta walishaanza kucheka na kuosha vyombo, na Phanice alikuwa anatembea kati ya lango na mashine, lango na mashine. Ndipo simu yake ikalia mlio wa ujumbe.

"Poleni sana familia ya Phanice. Nilifika mpaka kwa bango nikaona mama wanaingia wakilia. Sikutaka kusumbua. Alikuwa mama wa bidii. Mungu awatie nguvu. Mama Bhoke, Migori."

Phanice alisoma rambirambi zake mwenyewe akiwa amesimama. Akapiga simu. Haikushikwa. Akapiga tena. Mama Bhoke, alivyokuja kusimulia baadaye, alikuwa ameiweka simu kwenye kaunta na kusogea mbali nayo. Mara ya tatu akaishika.

"Ni nani anatumia simu ya marehemu?"

"Ni mimi, marehemu," Phanice akasema.

Halafu alipoelezwa, Mama Bhoke akaanza kucheka, akacheka mpaka akaomba kiti. Phanice alicheka naye kidogo kwa adabu, akingoja. Alijua kicheko hiki kina mwisho.

"Lakini dada," Mama Bhoke akasema hatimaye, "mimi siwezi weka kitu ya matanga karibu na mkate. Watu wataogopa. Njoo soko ijayo na ingine. Ukikosa, rafu naipea huyu wa asali. Nimemzungusha vya kutosha."

Jioni, walipobaki wawili, Phanice alikwenda kuling'oa bango. Mama Susana akamfuata polepole, akamsaidia kulishika upande wa pili. Kabla hawajalibeba, yule mama alipitisha kidole juu ya ule mkia mrefu wa P.

"Mimi nilijua siku ya kwanza," akasema.

"Ulijua nini, Mama?"

"Hii ndiyo iko kwa ile fulana unavaa ukikaanga."

Phanice hakuhitaji kwenda kuiangalia. Fulana ya mazishi ya Oliver. Aliivaa siku ile ya kuzika, na tangu hapo, kama wafanyavyo wengi, akaifanya ya kazi. Kila asubuhi aliivaa mbele ya moto wa njugu, jina la mumewe kifuani, herufi zimeshikana mikono. Akatambua kwamba pale kwa Tony hakuwa amechagua kitu. Jicho lake lilikuwa limekwenda lenyewe mahali lilipozoea kukaa. Alimkumbuka Oliver pale pale barabarani kwa nguvu iliyomkalisha chini kwenye nyasi, akalia, na machozi haya hayakuwa ya rafu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikafikiri labda ndivyo unataka, nyathina," Mama Susana akasema, akimwita mwanangu kwa Kijaluo. "Halafu nikaona hapana. Lakini bango lilikuwa limeshasimama."

Wakalibeba wakaliweka nyuma ya choo.

Jumatatu alikuwa tena kwa Tony, na safari hii hakukubali kuulizwa lipi zuri. Lililo zuri kwake lilikuwa limeshamponza. Akamwagiza amchapie jina moja, Phanice, kwa nguo mbalimbali, bila picha wala neno jingine. Akayabandika kwenye mikebe mitupu, akaitia kwenye kikapu, na siku ya soko akaenda Migori mapema, kabla ya kukanyaga dukani. Akawa anasimamisha watu wasiomjua na kuwauliza swali moja: hii inauza nini?

Watu wa soko wanapenda kuulizwa. Ile iliyokonda na kusimama wima waliiona mara moja kuwa ni ya hospitali. "Dawa ya macho," mmoja akasema, na mwenzake akamrekebisha kwamba ni ya tumbo. Ile yenye ncha ncha ilikuwa kanisa, tena la kukesha. Ya mraba ilikuwa ofisi ya chifu, na mzee aliyeulizwa akaisukuma mbali kama aliyeitwa huko. Ile yenye herufi zilizopasuka pasuka vijana wa bodaboda waliipokea kwa shangwe. "Hiyo ni baa, mathe! Baa ya kupigana!"

Ilibaki moja. Herufi nene, za mviringo, zisizo na pembe hata moja, zimekaa chini kwa makalio yao. Phanice hakuipenda sana. Aliona haina urembo. Akamwonyesha Dolphine, mwanamke wa Mfangano aliyekuwa anauza omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye hata hakuacha kupima.

"Hiyo ni ya kula."

"Ya kula nini?"

"Sijui. Kitu laini. Imeshiba hiyo, si unaiona?"

Akauliza wengine. Mmoja akasema maandazi, mwingine uji wa watoto, mwingine akasema ni mafuta ya kupikia. Hakuna aliyesema dawa, wala chifu, wala kifo. Phanice akaitupia jicho tena ile P nono isiyo na mkia, akaona kwamba kuipenda si lazima. Mtu anaweza kuizoea. Akapita kwa Mama Bhoke, akamwonyesha mkebe mtupu, akaomba wiki moja zaidi. Mama Bhoke akautazama mkebe, akamtazama yeye, akasema wa asali atakasirika, lakini wiki moja si mwaka.

Wiki hiyo Phanice alikuwa mkali hata akajishangaa. Lebo zote, herufi ile ile, kahawia ya njugu iliyokaangwa vizuri. Aproni, ile ile. Kwa ukuta wa chumba cha mashine alimwita Mosoti, mchoraji wa mabango, ambaye alikuwa msanii na alipenda ijulikane. Mosoti alitazama karatasi ya mfano kwa masikitiko.

"Hii ni plain sana, Madam. Wacha niweke shadow. Hata ka-flower tu hapa kwa corner."

"Usiweke."

"Basi niinyooshee P mkia kidogo."

"Mosoti," Phanice akasema, "ukiniwekea mkia, nitakufuta na mkia wako."

Akasimama nyuma yake mpaka akamaliza.

Siku ya kupeleka, Mama Bhoke hakusema mengi. Aliuchukua mkebe mmoja, akautoa kwenye boksi, akauweka kwenye rafu ya katikati, akatoka nje kabisa mpaka ng'ambo ya barabara, kati ya watu na mikokoteni, akageuka kutazama. Phanice alisimama kando ya kaunta. Aliona mdomo wa Mama Bhoke ukisoma jina kutoka kule.

Akarudi. "Panga," akasema.

Phanice akapanga. Alikuwa hajafika nusu ya rafu alipoingia mtu mrefu mwenye koti la mvua na gambuti, mfugaji kutoka upande wa mpakani, ambaye Mama Bhoke alimsalimu kwa jina la Nchagwa. Alikuja kuchukua majani chai. Macho yake yakapita kwenye rafu, yakasimama. Akaunyanyua mkebe, akaugeuza mkononi.

"Phanice," akasoma. "Huyu ni nani?"

Mama Bhoke akafungua mdomo. Phanice akamtikisia kichwa.

"Ni mama mmoja wa Rangwe," Phanice akasema.

"Huyu mama lazima ni mtu wa kucheka," Nchagwa akasema, akifuatisha zile herufi kwa kidole kinene. "Angalia vile jina lake limenona. Mtu wa huzuni hawezi andika hivi. Unamjua?"

"Namjua."

"Anacheka?"

"Anacheka sana."

Nchagwa akatosheka. Akalipa mkebe na majani chai yake, hakumpa mtu pole yoyote, akaenda zake kutafuta gari la Kehancha. Tangu walipomzika Oliver, Phanice hakuwa amecheka kwa sauti mbele ya watu asiowajua. Lakini mteja alikuwa ameondoka na neno lake, na biashara haianzi kwa uongo. Basi akacheka, pale pale mbele ya rafu, kwa sauti, mpaka watu wa barabarani wakachungulia ndani kuona ni nani huyo.